Gereza na Kanisa: Maneno Mawili ya Pwani ya Kilwa na Lindi

Mtu avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, jengo la kwanza limkabililo ufukoni ni ngome ya mawe yenye kuta nene na minara pembeni. Wenyeji huiita Gereza. Nyuma yake yapo magofu ya misikiti na majumba ya masultani, ambayo tangu mwaka 1981 yamo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Mwalimu awapelekaye wanafunzi wake huko huona misikiti ya kale mingi, bali kanisa la kale haoni hata moja. Walakini jina la kanisa lipo mbele ya macho yake, limeandikwa juu ya jengo asilolidhania.

Kusudi la makala hii ni kueleza habari za makanisa ya kale ya pwani ya Kilwa na Lindi kwa kufuata maneno mawili, gereza na kanisa. Nimechagua njia hii kwa sababu maneno hayo yatuonyesha jambo ambalo orodha ya majengo na tarehe haiwezi kutuonyesha, yaani kwa nini Ukristo ulikuja katika pwani hii mara mbili, mara ya kwanza usishike mizizi, na mara ya pili ukashika.

I. Asili ya maneno haya

Wataalamu wa lugha hulitoa neno gereza katika neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Neno hilo la Kireno latoka katika Kilatini ecclesia, nalo latoka katika Kiyunani, ambako maana yake ni mkutano wa watu walioitwa watoke majumbani mwao wakutane pamoja. Neno letu kanisa tumelipokea kwa Waarabu, nao walilipokea zamani kwa watu wa Kiaramu, na shina lake lina maana ya kukusanya. Bunge la Waisraeli la siku hizi, liitwalo Knesset, lina jina la shina lilo hilo. Basi maneno haya mawili, ambayo leo hapana mtu ayafananishaye, yalianza na maana moja, ndiyo watu waliokusanyika.

Ilikuwaje basi hata moja likawa nyumba ya kufungia watu? Tukiyatazama majengo ya Wareno twaona njia yenyewe. Katika ngome yao kubwa ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, kanisa lao lilikuwa ndani ya boma, nyuma ya mizinga. Mwenyeji aliyesimama nje aliona ukuta na askari, akasikia wakisema kwamba wanakwenda igreja, naye hakuwa na njia ya kutenga nyumba ya sala na nyumba ya vita. Huko Unguja, Waarabu wa Oman walipokwisha kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, walijenga Ngome Kongwe mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na baadaye ngome ile ikatumika kuwafungia wafungwa. Ngome ya Mombasa nayo ilifanywa jela ya serikali tangu mwaka 1895 hata 1958. Hivyo neno lilitembea hatua kwa hatua: kwanza kanisa, kisha boma lenye kanisa, kisha boma tupu, mwisho jela. Hapana aliyelibadilisha kwa makusudi, ila watu walilitumia kwa kadiri ya walivyoona.

Ni haki kusema kwamba si maneno yote ya Wareno yaliyopatwa na bahati hiyo. Padri ni neno lao, na meza, na mvinyo, na bendera. Twayatumia kila Jumapili pasipo kukumbuka yalikotoka. Lakini neno lao la kanisa lenyewe halikurudi tena kanisani.

II. Kilwa, mwaka 1505

Kilwa haikuwa mji wa kudharauliwa Wareno walipofika. Msikiti Mkuu ulianza kujengwa tangu karne ya 11, ukaongezwa baadaye kwa kuba na matao ya mawe ya matumbawe, na mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta aliufikia mji huo akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Dhahabu ya Sofala ilipita mikononi mwa wafanyabiashara wake. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimlazimisha mtawala wake, Amiri Ibrahim, kulipa kodi kwa mfalme wa Ureno. Miaka mitatu baadaye, mwezi Julai 1505, Francisco de Almeida alikuja na jeshi la merikebu, na tarehe 24, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, akauteka mji. Amiri alikuwa amekwisha kukimbia.

Mambo ya siku ile tunayo kwa mkono wa Mjerumani mmoja aliyekuwamo katika merikebu zile, jina lake Hans Mayr. Aeleza kwamba mapadri wa Mtakatifu Fransisko waliteremka pwani na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba wimbo wa kumsifu Mungu, wakaenda mpaka nyumba ya mtawala. Hapo msalaba ukasimamishwa, na jemadari akasali. Mara baada ya sala, watu wakaanza kuuteka nyara mji, bidhaa na vyakula.

Twafaa kuisoma habari hii polepole, maana imeandikwa na mtu wa upande wao wala si na adui. Sala na unyang'anyi vilifuatana katika saa moja na katika nyumba moja. Wenyeji waliokuwa wamejificha waliporudi, wakaona msalaba na ghala tupu, walijifunza mambo hayo mawili pamoja kama somo moja. Kisha Wareno wakajenga ngome, wakaiita Santiago, yaani Mtakatifu Yakobo, kwa sababu ya sikukuu ile. Walikaa humo miaka 7, wakaondoka mwaka 1512, kwa kuwa biashara ilikuwa imekimbia pamoja na watu, na kukaa kwao hakukuwaletea faida. Ngome tuionayo leo, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya Waarabu wa Oman waliokuja baadaye. Mawe ya Wareno ni machache ndani yake, na kilichobaki cha kanisa lao ni jina tu, nalo limekwisha kugeuka.

Hivyo ndivyo ulivyokuja Ukristo mara ya kwanza. Haukupata mwalimu wa kujifunza Kiswahili akaketi barazani na watu. Ulikuwa na ukuta tu, na ukuta ulipoachwa hapakubaki hata mtu mmoja.

III. Soko la Unguja

Miaka zaidi ya 350 ikapita. Katika karne ya 18 na ya 19 jina la Kilwa lilijulikana tena mbali, lakini kwa biashara ya huzuni. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja, Morice, alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Baadaye Kilwa Kivinje, mji wa bara, ukawa bandari kubwa ya watumwa kuliko zote za mrima. Watu walitolewa pande za Ziwa Nyasa na nchi za Wayao na Wamakua, wakateremshwa Kivinje, wakapakiwa majahazini kwenda soko la Mkunazini, Unguja.

Soko hilo lilifungwa kwa mapatano ya tarehe 5 Juni 1873, wakati wa Seyyid Barghash. Siku ya Krismasi mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la Kanisa la Kristo mahali pale pale. Msimamizi wa kazi alikuwa Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kufanywa askofu mwaka 1874. Alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama walivyojenga mafundi wa Kilwa karne nyingi kabla yake, na paa lake la kuba, ambalo wengi walidhani litaanguka, lilimalizika mwaka 1879, nalo lasimama hata leo. Alikufa mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare.

Lakini kwa sisi tunaofundisha, kazi yake nyingine si ndogo kuliko ile ya mawe. Kabla ya kujenga kanisa alikaa na wenyeji akajifunza maneno yao. Kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, na hadithi za Unguja alizoandika kwa vinywa vya wenyeji zilitoka mwaka huo huo. Miongoni mwa waliomsaidia ni Sheikh Abdulaziz al-Amawi, mwanachuoni mzaliwa wa Barawa aliyepata kuwa kadhi wa Kilwa. Sheikh huyo hakuacha dini yake, wala hakukosa kuwapinga wamisionari kwa hoja, hata hivyo alimfasiria Zaburi katika Kiswahili kizuri. Yafaa tukumbuke kwamba mengi ya maneno tutumiayo katika ibada, kama sala, imani, msalaba, kasisi, na kanisa lenyewe, yalikuwa ya Kiarabu kwanza, na kwamba Waislamu wa pwani walitusaidia kuyaweka mahali pake. Neno igreja lililetwa na merikebu likasikiwa nje ya ukuta. Neno kanisa lilikuwamo tayari katika masikio ya watu.

IV. Njia ya Lindi

Baada ya soko kufungwa, swali lilikuwa: watu hawa walioachwa huru wakae wapi? Askofu Steere aliona kwamba hawawezi kukaa Unguja siku zote kama wageni. Mwaka 1875 alishuka Lindi, akasafiri kwa miguu mpaka mji wa Mataka, mfalme wa Wayao, ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1876 akaja Lindi tena, pamoja na W. P. Johnson na watu zaidi ya 50, wanaume na wanawake, waliokuwa watumwa. Walitaka kwenda mbele kuelekea Nyasa. Lakini walipofika Masasi, penye vilima vya mawe na ardhi njema, watu wale waliomba wakae hapo, kwa maana walijiona wamekaribia kwao. Askofu akakubali.

Jambo hili ndilo kiini cha habari yangu. Mahali pa kanisa la kwanza la nchi ya kusini hapakuchaguliwa na jemadari kwa ajili ya bandari na mizinga. Walipachagua watu ambao jana walikuwa bidhaa. Tena walipokwenda Lindi na kupanda bara, waliukabili uso wa nchi walikotolewa kwa kamba na minyororo. Tukilirudia neno la Kiyunani, mkutano wa watu walioitwa watoke, hapana watu waliolitimiza zaidi ya hao.

Haikuwa raha. Chauncy Maples aliongoza kazi pamoja nao, na kijiji kikaanza kustawi, lakini mwezi Septemba 1882 Wamagwangwara wakakishambulia, wakaua, wakateketeza nyumba, wakachukua mateka. Wengi wa waliosalia walihamia Newala, nchi ya Matola, mkuu wa Wayao aliyewapokea. Kama kanisa lingekuwa kuta tu, habari ingekwisha hapo, kama ilivyokwisha Kilwa mwaka 1512. Bali watu walikuwa hai, wakaendelea kusali Newala, na baadaye Masasi ikainuka tena.

Katika miaka hiyo alitokea Cecil Majaliwa, Myao aliyechukuliwa mtumwa angali mtoto. Alifundishwa Unguja, akapelekwa Uingereza, akawa shemasi mwaka 1886, akatumwa Chitangali kwa mkuu Barnaba Nakaam, na mwaka 1890 akafanywa kasisi, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Alikaa Chitangali karibu miaka 11, mara nyingi pasipo Mzungu karibu naye, akifundisha kwa lugha ya watu na kwa heshima ya wazee wao. Kanisa lake lilikuwa la miti na majani, nalo halionekani tena. Lakini ukihesabu makanisa ya kihistoria ya nchi hii, usiliache.

V. Mwaka 1905

Kwa upande wa Wakatoliki, kazi ilifanywa na Wabenediktini wa St. Ottilien. Walianza Pugu mwaka 1888, misheni yao ikaharibiwa Januari 1889. Wakaja kusini, wakafungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896, zote mbili katika njia iendayo bara kutoka Lindi. Makanisa yakajengwa, shule zikafunguliwa.

Wakati huo nchi ilikuwa chini ya Wadachi. Kodi ya kichwa na ya nyumba, viboko, na kulimishwa pamba kwa lazima viliwachosha watu. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi, katika vilima vya nyuma ya Kilwa, waling'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro. Siku 10 baadaye Askofu Cassian Spiss, aliyekuwa ametoka Kilwa kwenda Peramiho pamoja na mabruda wawili na masista wawili, aliuawa pamoja nao karibu na Liwale. Kabla ya mwezi huo kwisha Nyangao na Lukuledi zilichomwa, Sista Walburga Diepolder akafa katika kukimbia, na Masasi ya Waingereza ikachomwa pia. Wamisionari wakakimbilia Lindi.

Walimu wengi wakiifundisha habari hii huishia katika kuwasifu waliokufa. Kuwaheshimu ni wajibu. Lakini tusipouliza kwa nini makanisa yalichomwa, tutakuwa tumefundisha nusu. Askofu Spiss hakuwa mtoza kodi. Hata hivyo mtu wa shambani, aliyepigwa kwa ajili ya pamba, alimwona Mzungu wa boma na Mzungu wa misheni wakija njia moja, wakisema lugha moja. Akafanya kama yule wa mwaka 1505, akahesabu ukuta wa kanisa na ukuta wa boma kuwa ukuta mmoja. Igreja na gereza vilikaribiana tena. Vita vilizimwa mwaka 1907. Wanahistoria hukadiria kwamba waliokufa ni kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa na majeshi ya serikali. Pale Kilwa Kivinje wenyeji huonyesha hata leo mahali pa mwembe walipotundikwa wapiganaji.

Wabenediktini walirudi, wakafungua Ndanda mwaka 1906. Wengi wa watu wa nchi ile hawalijui jina la Ndanda kwa kanisa lake tu. Hulijua kwa hospitali na shule zake. Vita vilikwisha kufundisha kwamba nyumba ya sala isiyo na dawa kwa mgonjwa wala mahali pa mwenye njaa haitambulikani kuwa tofauti na boma.

VI. Jando, au mlango wa ndani

Neno moja zaidi lahusu desturi. W. V. Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi ya Masasi tangu mwaka 1926 hata 1944, aliona kwamba vijana Wakristo hukatazwa jando na mapadri, kisha huenda kwa siri, na wasipokwenda huhesabiwa watoto hata wakiwa na mvi. Hakusema jando lote ni giza. Pamoja na makasisi Waafrika na wazee aliyatenga yasiyopatana na imani, akaacha yaliyofaa, yaani kukaa kumbini, mafundisho ya wazee juu ya adabu na heshima, na furaha ya kutoka, akayaweka pamoja na sala na baraka za kanisa. Wengine waliona amefanya haba, wengine waliona amezidi, na maswali juu ya unyago wa wasichana yalikuwa magumu zaidi.

Lakini tuangalie maana yake kwa neno letu. Jando ndipo jamaa hukusanyika, ndipo mtoto huitwa atoke nyumbani kwa mama yake akawe mtu. Kanisa lililofunga mlango wake kwa jando lingewafungia watu nje, au lingewafungia ndani mbali na jamaa zao. Yote mawili ni kazi ya gereza.

VII. Wajibu wetu sisi walimu

Leo Masasi lipo kanisa la mawe la Mtakatifu Maria na Mtakatifu Bartholomayo, na Lindi, iliyokuwa mlango tu wa kupitia, ni makao ya askofu Mkatoliki tangu mwaka 1986. Kilwa Kisiwani Wakristo ni wachache, na misikiti ndiyo fahari ya mahali. Hapana haja ya kuona haya kwa hayo, wala ya kuitafutia Kilwa kanisa isilokuwa nalo. Naona kazi zetu ni tatu.

Kwanza, tunapowachukua watoto kwenye magofu tuwaeleze neno gereza kwa ukweli wote, watoto wa Kiislamu na wa Kikristo pamoja. Mtoto wa Kikristo akijua kwamba jina la kanisa liligeuka jina la jela kwa matendo ya Wakristo, atajifunza unyenyekevu ambao mahubiri mengi hayaufundishi.

Pili, tuyatunze madaftari ya ubatizo, ndoa na maziko yaliyo makabatini mwa parokia zetu kabla ya mchwa kuyamaliza. Hapana jiwe lisimuliaye habari kama majina yaliyoandikwa humo. Yatiwe katika masanduku ya bati, mahali pakavu, na yanakiliwe.

Tatu, tuwaandike wazee. Lakini hapo pana adabu yake. Wako wajukuu wa watu waliokuwa watumwa ambao hawapendi kutajwa hivyo mbele ya watu, kwa maana neno mtumwa bado lauma katika ndoa na katika ugomvi wa mashamba. Mwalimu asimwulize mtoto darasani babu yake alitoka wapi. Aende nyumbani, apige hodi, aketi, aulize habari za kilimo na za wagonjwa, na mzee akipenda kusema atasema. Akinyamaza, tusimlazimishe. Babu zake walikwisha kulazimishwa vya kutosha, na waliotoka Lindi mwaka 1876 walikuja Masasi kwa sababu waliulizwa wanapotaka kukaa, nao wakajibu wenyewe.